Mezani, Mlangoni na Kwenye Filimbi: Barua za Mashabiki wa Kanda ya Ziwa

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Mwanza na Geita, na karibu zote zina hasira. Nimezipenda kwa hilo. Mtu haandiki kurasa mbili kwa mkono kuhusu mechi ya zamani kama timu yake haimo moyoni. Kwa wasomaji wapya: mimi ni mwamuzi mstaafu, nimepuliza filimbi ligi za wilaya na mkoa huku kwetu, na nyumba yangu iko Kirumba, karibu na uwanja kiasi kwamba nasikia kelele za goli kabla televisheni ya jirani haijalionyesha.

*

*Shikamoo mzee. Mimi ni Geita Gold tangu zamani, naishi Nyankumbu. Kazini niko na jamaa wawili wa Mwanza, na kila Jumatatu wananiita mpanga matokeo. Mimi nawajibu kuwa Mbao yao ilipanda Ligi Kuu kwa mezani, haikushinda kitu. Juzi nusura tushikane mashati. Timu iliyopandishwa na kamati inahesabiwa kweli kuwa imepanda?*

Marahaba, kijana wangu. Tuanze na yaliyotokea, maana naona wewe na wenzio mnabishana juu ya msimu ambao kila mmoja anakumbuka nusu yake.

Msimu wa 2015/16 Ligi Daraja la Kwanza ilichezwa kwa makundi matatu, na kila kundi lilipandisha timu moja tu. Kundi C lilikuwa na timu zenu na zetu: Geita Gold, Polisi Tabora, Mbao na wengine. Ikafika siku ya mwisho Geita na Polisi Tabora wanafukuzana, na aliyetaka kupanda alihitaji magoli. Siku hiyo Geita ikaifunga JKT Kanembwa 8-0. Polisi Tabora nayo ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Magoli 15 kwa mechi mbili, na waliofungwa hawakupata hata moja la kufutia machozi. Kamati ya Nidhamu ya TFF, shirikisho la soka nchini, ikakaa, na Aprili 2016 timu zote nne zikatiwa hatiani kwa kupanga matokeo na kushushwa daraja. Nafasi ya kundi ikaenda kwa Mbao.

Kwa hiyo ndiyo, uamuzi ulitoka mezani, na wenzio wasiukane. Ila kamati haikumfungia Mbao goli. Iliwatoa waliokuwa wakigombea nafasi kwa njia ambayo kanuni zinaikataza, na aliyebaki juu akapanda. Mwanariadha wa kwanza akikutwa na dawa zilizokatazwa, medali inakwenda kwa aliyemfuata, na huyo aliyemfuata alikimbia mbio zile zile. Mbao ilipanda. Hilo mimi naliona limekwisha.

Ukitaka kuona ubishi wa pointi za mezani wenyewe, tazama msimu uliofuata. Aprili 2017 Kagera Sugar iliifunga Simba 2-1 pale Kaitaba, Bukoba. Simba wakakata rufaa kwamba beki Mohamed Fakhi wa Kagera alicheza akiwa na kadi tatu za njano. Kamati ya Saa 72, ile inayosimamia mechi za ligi, ikawapa Simba pointi. Kamati nyingine ya TFF ikazirudisha Kagera. Msimu ukaisha Yanga ana pointi 68 na Simba ana pointi 68, Yanga akabeba ubingwa kwa tofauti ya magoli. Kadi moja ya njano, kama iliingia kwenye ripoti au haikuingia, ilibeba ubingwa wa nchi. Hapo ndipo mtu ana haki ya kuuliza kamati zetu zinafanyaje kazi. Suala la Mbao lilikuwa jepesi kuliko hilo.

Na tazama Mbao walivyoitumia nafasi yao. Mwishoni mwa Aprili 2017 waliitoa Yanga 1-0 kwenye nusu fainali ya Kombe la FA, Kirumba. Hazikupita wiki tatu Yanga wakarudi Kirumba kwa mechi ya mwisho ya ligi, wakafungwa tena 1-0. Timu ya wafanyabiashara wa mbao, msimu wao wa kwanza, wamemfunga bingwa mara mbili na wamebaki Ligi Kuu. Toto African, ndugu zao wa mji huo huo, walishuka msimu ule.

Wewe nawe una la kujibu, tena la maana kuliko hilo la mezani. Geita Gold ilipanda 2021 kwa miguu yake. Msimu wake wa kwanza, 2021/22, ikamaliza nafasi ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. George Mpole akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa magoli 17, akimwacha Fiston Mayele wa Yanga na 16. Mshambuliaji wa Geita, siyo wa Simba wala Yanga za Kariakoo. Kesho Jumatatu wakikuita mpanga matokeo, wape msimu huo. Ya 2016 waachie walioadhibiwa. Wewe ulilipa kiingilio chako ukiamini unatazama mpira wa kweli, na katika kisa kile kizima wanaonisikitisha zaidi ni watu kama wewe, wa timu zote nne. Hakuna kamati iliyokaa kuwarudishia siku yao.

Jambo moja la kuongeza. Makundi madogo yale yalikuwa yanazaa fitina yenyewe. Timu chache, mechi chache, nafasi moja, na siku ya mwisho timu ambayo haina cha kupigania inakutana na timu inayohitaji magoli nane. Tangu msimu wa 2021/22 Ligi ya Championship, iliyochukua nafasi ya Daraja la Kwanza, ni msimamo mmoja wa timu 16: wawili wa juu wanapanda moja kwa moja, wa tatu na wa nne wanaingia mchujo. Haijamaliza maovu yote, lakini kupanga msimu mzima wa mechi 30 ni kazi ngumu kuliko kupanga alasiri moja.

*

*Shikamoo baba. Mume wangu ni Yanga, mimi ni Pamba damu. Nimeirithi kwa marehemu baba yangu, aliyetusimulia habari za TP Lindanda, jina la utani la Pamba yetu, mpaka tukalala. Pamba iliporudi Ligi Kuu 2024 nililia. Yanga walipokuja Kirumba uwanja ukajaa, mume wangu akaniambia: "Hawa wote wamekuja kwa ajili yetu. Timu yenu haina mashabiki." Nilikosa jibu. Watu waliojaa uwanjani si wa mwenyeji? Dada wa Igoma.*

Marahaba mwanangu. Jibu hili litakuuma kidogo, lakini umeniuliza kwa moyo na nitakujibu kwa moyo. Siku ile shemeji alisema kweli.

Mimi siku za Yanga au Simba sihitaji kalenda. Kuanzia asubuhi barabara ya Mwaloni inakuwa ya kijani na njano, au nyekundu na nyeupe. Wauza jezi wametandika mpaka kwenye milango ya maduka ya watu. Wamekuja kutoka Magu, Misungwi, Sengerema, wengine wamelala kwenye meli kutoka Ukerewe. Ukitafuta jezi ya Pamba kwenye meza zile utapewa moja iliyokunjwa chini kabisa, na saizi yako haipo. Halafu mpira unaanza. Beki wa Pamba anateleza, mshambuliaji mgeni anauchukua mpira, na uwanja mzima unanyanyuka kushangilia. Uwanja wa Mwanza, watu wa Mwanza, wanamshangilia anayetaka kuifunga Mwanza. Nimeliona jambo hilo kwa Toto, nikaliona kwa Mbao, nikaliona kwa Alliance. Sijalizoea.

Ukitaka kujua timu ina watu wangapi, nenda siku ambayo mgeni hana mtu. Nenda Pamba na Tanzania Prisons, saa 10 jioni, siku ya kazi. Wale utakaowakuta kwenye jukwaa la mzunguko, hao ndio wako. Hesabu ya siku ya Yanga ni ya Yanga, tumpe haki yake. Ila mkumbushe shemeji kwamba hata Yanga na Simba hawaujazi Uwanja wa Mkapa wenye viti 60,000 kila wiki. Mechi nyingi za kawaida wamezipeleka viwanja vidogo, Chamazi na KMC. Na Yanga imeanza 1935. Imewalea mashabiki wake babu kwa mjukuu, jambo ambalo baba yako alilifanya kwako kwa Pamba. Nyumba ngapi za Igoma zilifanya hivyo? Hapo ndipo penye kidonda chetu.

Pamba ilikaa nje ya Ligi Kuu miaka 23. Katika miaka hiyo Mwanza ilijaribu kila namna. Toto African ilishuka 2017. Alliance ilipanda 2018, ikashuka 2020, mwaka ule ule Mbao nayo ikashuka. Gwambina ya Misungwi ilipanda 2020, msimu mmoja tu ikarudi chini. Huu ni mkoa ambao sensa ya 2022 ilikuta watu karibu milioni 3.7! Sisemi watoto wetu hawajui mpira. Hizo ni timu zilizokuwa na mapato ya maana mlangoni siku mbili kwa msimu, siku ya Simba na siku ya Yanga, na siku nyingine zote milango inaendeshwa kwa hasara: walinzi, gari la wagonjwa, waokota mipira, umeme. Timu ya namna hiyo inaishi kwa mfuko wa mtu mmoja au kwa bajeti ya halmashauri. Mtu akichoka, au mkurugenzi akibadilishwa, imeshuka.

Utaniambia siku hizi kuna fedha za televisheni. Zipo. Mkataba wa Azam wa 2021 ni wa miaka 10, shilingi bilioni 225.6, na umezisaidia timu ndogo kulipa mishahara. Lakini televisheni hiyo hiyo ndiyo imemweka kijana wa Mabatini ndani ya kibanda umiza, amelipa kiingilio chake, amekaa kwenye benchi la mbao anatazama mechi ya Dar es Salaam, huku kwa bodaboda ya dakika kumi kuna mechi hai ya timu ya mji wake na viti vitupu. Simlaumu kwa kupenda Simba. Namlaumu kwa kuamini kwamba huwezi kupenda Simba na kumpa Pamba Jumatano yako.

Watu wa Mbeya waliwahi kutuonyesha njia. Mbeya City ilipanda 2013, na msimu wake wa kwanza ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Uwanja wa Sokoine ulijaa watu wenye jezi za zambarau, na waliifuata timu yao kwa mabasi mpaka Dar. Yanga akienda kule alikuwa mgeni kweli kweli. Baadaye walishuka, 2023, Mashujaa ya Kigoma ikawapindua kwenye mchujo, na 2025 wakapanda tena. Timu yenye watu wake ikianguka kuna mtu wa kuinyanyua.

Basi mwambie shemeji hivi: ana haki ya kuhesabu watu wa siku yake. Wewe mwombe akusindikize siku isiyo yake. Akikataa, nenda na watoto. Kama wanaanza kuuliza wachezaji wa Pamba kwa majina, huyo baba yako hajafa bure.

*

*Mzee wetu, tuamulie. Sisi ni mashemeji wawili wa Sengerema, mmoja Simba mmoja Yanga. Goli la Aziz Ki kule Afrika Kusini 2024 lilikuwa goli? Mmoja wetu anasema ule ulikuwa wizi wa mchana, mwingine anasema mwamuzi alikuwa sahihi. Tumeweka dau la kilo mbili za sato.*

Hilo dau la sato mtalila pamoja, kwa sababu jibu langu lina pande mbili.

Aprili 5, 2024, Uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mamelodi Sundowns na Yanga walikuwa wametoka 0-0 Dar, na kule nako ilikuwa bado 0-0. Stephane Aziz Ki akapiga kutoka mbali, mpira ukagonga mtambaa panya, ukadunda chini, ukatoka. Mwamuzi, Dahane Beida wa Mauritania, akasubiri chumba cha VAR, yaani waamuzi wa video, akaambiwa aendelee. Mechi ikaishia kwa matuta na Sundowns wakashinda 3-2.

Sheria inasema mpira wote uvuke mstari wote. Sasa tazameni vipimo. Mzunguko wa mpira ni sentimita 68 mpaka 70, kwa hiyo unene wake kutoka upande huu hadi ule ni kama sentimita 22. Mpira unapogusa ardhi, unagusa kwa katikati yake, na tumbo lake linatokeza sentimita 11 kila upande. Ndiyo maana unaweza kuona sehemu uliyodundia iko ndani kabisa, nyasi za kijani zinaonekana kati ya alama hiyo na chokaa, na bado tumbo la mpira linaning'inia juu ya mstari. Hilo si goli. Na kamera ikiwa imekaa pembeni, siyo usawa wa mstari, inaongeza au inapunguza nyasi zile kwa jinsi ilivyoelekezwa. Chukueni mpira, uwekeni nyuma ya mstari wowote, mmoja asimame juu yake na mwingine achuchumae mbali kidogo, nje ya usawa wa mstari huo. Mtaona vitu viwili tofauti.

Baada ya kusema hayo, natoa hukumu yangu. Kwa picha nilizozitazama, tena na tena, mpira ule ulivuka wote. Ningeweka kati.

Lakini "wizi" sikubali. Mechi ile haikuwa na teknolojia ya mstari wa goli, ile inayomtetemeshea mwamuzi saa mkononi. VAR ilikuwa na kamera za kawaida tu, na kanuni yake ni kwamba uamuzi wa uwanjani haubadilishwi mpaka picha ionyeshe kosa la wazi. Uwanjani hakuna aliyekuwa ametoa goli. Aliyekaa kwenye chumba alitakiwa awe na uhakika, na kwa pembe alizopewa akasema hana. Mimi ningekuwa na uhakika, yeye hakuwa nao. Lawama iende kwa walioandaa robo fainali ya Afrika bila kifaa cha kumaliza ubishi huo.

Shemeji wa Simba usicheke bado. Mei 25, 2025, Uwanja wa Amaan, Zanzibar, fainali ya Kombe la Shirikisho, marudiano na RS Berkane. Simba walikuwa wamefungwa 2-0 Morocco. Wakaongoza 1-0, Yusuph Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu, halafu goli la Steven Mukwala likakataliwa na VAR kwa kuotea. Ikaisha 1-1, kombe likaenda. Siku ile nilipita kwenye vijiwe vya Kirumba. Waliokuwa wakisema VAR ya Pretoria haikosei walikuwa wanailaani. Waliokuwa wanailaani Pretoria walikuwa wanaeleza, kwa kutulia kabisa, jinsi mistari ya kuotea inavyochorwa.

Ninawapa kazi kabla hamjala huyo sato. Kila mmoja ataje uamuzi mmoja ulioibeba timu yake mwenyewe. Mmoja tu, kwa tarehe na mpinzani. Asiyeweza kuutaja hatazami mpira, anatazama jezi, na ubishi wake kuhusu waamuzi usihesabiwe.

Na kwa kuwa mmeligusa, niwaambie jambo ambalo waamuzi wachache hulisema hadharani. Kelele inafika. Kwenye viwanja vya wilaya uzio wetu ni kamba, na mshika kibendera anakimbia huku watu wakimpumulia mgongoni. Anasikia jina la mtaa wake likitajwa. Kibendera kinachelewa nusu sekunde, na nusu sekunde hiyo ni goli au siyo goli. Hata kwa wakubwa ipo: 2020 ligi za Ulaya zilipochezwa viwanja vitupu kwa sababu ya korona, waliochunguza waligundua kwamba timu ngeni zilipewa kadi pungufu kuliko zamani, na faida ya kucheza nyumbani ikashuka. Hakuna aliyehongwa. Kelele ilikuwa imeondoka tu.

Sasa irudisheni hiyo Kirumba. Penalti ya mashaka inaombwa, na mwamuzi anasikia maelfu ya sauti zinazomtaka aipe timu ngeni. Ninyi mashabiki wa Kanda ya Ziwa mnaolia kila msimu kwamba wakubwa wanabebwa mpaka kwenye viwanja vyetu, sauti zinazowabeba hapa ni zenu.

*

*Shikamoo. Naishi Pasiansi, nilikuwa Mbao kufa na kupona. Sijasahau Dodoma 2017. Je, tulionewa?*

Marahaba. Fainali ya Kombe la FA, Uwanja wa Jamhuri, Mbao na Simba. Dakika 90 bila goli, Simba wakatangulia kwenye muda wa nyongeza, Mbao wakasawazisha, na mwisho kabisa, watu wakisubiri matuta, ikatolewa penalti ya kuunawa mpira. Shiza Kichuya akafunga, 2-1. Najua watu wazima wa Mwanza ambao hawawezi kuzungumzia jioni ile wakiwa wamekaa.

Watu wanakosea kuipima penalti ile kwa sheria ya leo. Maelezo ya mkono "unaoukuza mwili isivyo kawaida" yaliandikwa kwenye sheria 2019. Mwaka 2017 mwamuzi aliulizwa kitu kimoja: je, mchezaji alikusudia? Akaambiwa aangalie kama mkono ulikwenda kwenye mpira au mpira ndio uliokwenda kwenye mkono, na kama mpigaji alikuwa karibu kiasi kwamba beki hakuwa na namna. Ilikuwa sheria ya kusoma nia ya mtu kwa sekunde moja, mwamuzi akiwa amekwisha kukimbia dakika 119. Ukitaka kuirudia mechi ile kichwani, irudie kwa maswali hayo mawili. Mimi sheria ile sikuipenda hata nilipokuwa naitumia, kwa sababu iliwaacha watu kama wewe na donda ambalo hakuna picha inayoweza kulifunga.

Hili la pili hukuliuliza, ila wengine wameliuliza. Mbao waliposhuka 2020 kwa mchujo na Ihefu, walifungwa 2-0 kule Mbarali, wakashinda 4-2 hapa. Jumla 4-4, Ihefu wakapanda kwa magoli ya ugenini. Ulaya waliifuta kanuni hiyo 2021. Afrika iliendelea nayo, na Yanga wanaijua vizuri: fainali ya Kombe la Shirikisho 2023 na USM Alger walifungwa 2-1 Dar, wakashinda 1-0 Algiers, na kombe likabaki Algiers. Kanuni ilikuwa inajulikana kabla mpira haujaanza, kwa hiyo hapo hakuna aliyeonewa.

*

*Mzee, nitakuja Mwanza na wenzangu kutoka Geita kuangalia mpira, siku hizi tunapita daraja la Kigongo–Busisi bila kungoja kivuko. Tukae wapi Kirumba tuone vizuri kuotea?*

Karibuni. Msikae katikati ya jukwaa kuu, ingawa ndiko kila mtu anakokimbilia. Pale mnaona nusu zote mbili za uwanja kwa mshazari, na mshazari unadanganya: mchezaji anaweza kuonekana ameotea wakati hajaotea. Kaeni usawa wa mstari wa boksi la 18, upande anaokimbia mshika kibendera. Kila mshika kibendera ana nusu moja ya uwanja tu, kwa hiyo tazameni kwanza amesimama nusu ipi kabla hamjachagua viti.

Halafu fanyeni alivyofundishwa yeye. Jicho lenu liwe kwa mabeki, siyo kwa mpira, na masikio yangoje mguu ukigonga. Mnaposikia mlio huo, hapo hapo pigeni picha akilini: yuko wapi mshambuliaji, yuko wapi mchezaji wa pili kutoka mwisho wa timu inayolinda goli. Mahali atakapokuwa wakati mpira unamfikia hapahesabiwi. Mikono haihesabiwi, iwe ya mshambuliaji, ya beki au ya kipa. Kichwa, kiwiliwili na miguu ndivyo vinavyohesabiwa. Na akiwa sawasawa na yule wa pili kutoka mwisho, hajaotea.